Akiba ya Hesabu na Mwenzetu Asiyeona

Ndugu Wanachama,

Hesabu za mashamba yetu nyingi hazimo tena katika daftari, zimo katika kompyuta ya nyumbani. Humo mna pishi za kila mchumaji, kilo zilizopimwa mizanini, na madeni ya msimu. Kompyuta ikiharibika kwa umeme au kwa kutu ya hewa ya bahari, yote hayo hupotea siku moja, na mchumaji anayedai hana ushahidi ila mdomo wake. Akiba haiozi, walisema wazee; basi kuweka nakala ya hesabu ni lazima.

Lakini liko jambo ambalo aghalabu twalisahau. Katika baadhi ya nyumba mshika hesabu ni mtu asiyeona, au mzee ambaye macho yamempungua nguvu. Hawa hutumia programu inayowasomea skrini kwa sauti. Mojawapo ni NVDA, aliyoianza Michael Curran wa Australia mwaka 2006, naye mwenyewe haoni. Hutolewa bure, na sauti iliyomo husoma hata Kiswahili.

Sasa, programu ya akiba ikiwa na vitufe vya picha visivyo na majina, mshika hesabu huyo husikia "kitufe, kitufe" tu, asijue kipi cha kunakili na kipi cha kufuta. Humbidi amwite mtu mwingine, na siri za nyumba zikawa mikononi mwa mwingine. Hiyo si haki, wala si salama.

Kwa hivyo yafaa programu ijaribiwe kabla ya kutoa fedha. Kwanza, mtumiaji aiendeshe kwa kibodi peke yake, bila ya kugusa mausi. Pili, kazi ikishindikana, sauti imwambie. Tatu, na hili ndilo kubwa, afute faili moja ya majaribio kisha airudishe kwa mkono wake mwenyewe. Nakala isiyorudishika si akiba.

Wako wanaosema heri programu ya kunakili diski nzima. Sikatai, ina faida. Lakini nyingi za namna hiyo, wakati wa kurudisha, huiwasha kompyuta kwa mfumo mdogo usiokuwa na sauti, na asiyeona akaachwa gizani saa ile ile ya shida. Kwa hesabu za nyumbani, File History iliyomo ndani ya Windows 10 na 11 yatosha. Haina bei ya ziada. Ukiweka hesabu katika folda ya Documents, ukachomeka diski ya nje na kuiwasha File History, hunakili kila saa yaliyobadilika, na huhifadhi hata ya zamani. Programu hupatikana tena. Pishi za msimu uliopita haziuzwi dukani.

Diski hiyo nayo isilale meza moja na kompyuta, kwani moto mmoja au mwizi mmoja huchukua vyote viwili. Ichomekwe siku ya kulipa wachumaji, ikisha kunakili iwekwe nyumba nyingine.

Naiomba Kamati, kila inapotaka kuwashauri wanachama juu ya programu, imwite kwanza mwenzetu asiyeona aijaribu. Ikimfaa yeye, itatufaa sote.

Wasalaam,
Mwanachama