Maneno Yafananayo, Maana Zitenganazo: Kiswahili na Jirani Zake Mpakani Tunduma

Dhana iliyoota mizizi katika ufundishaji wa Kiswahili kwa wazungumzaji wa lugha nyingine za Kibantu ni kwamba ukaribu wa nasaba hurahisisha ujifunzaji. Dhana hiyo ina ukweli. Hata hivyo, ukaribu huo huo huzaa makosa yaliyo magumu kugunduliwa. Wafaransa Koessler na Derocquigny, katika kitabu chao cha mwaka 1928, waliyaita maneno ya aina hii marafiki wa uongo. Mwingereza, kwa mfano, akutanapo na neno la Kihispania embarazada hudhani mtu ameaibika, kumbe ni mjamzito.

Tunduma, mkoani Songwe, yatoa ushahidi wa karibu zaidi. Ng’ambo ya mpaka ni Nakonde, na hapo Kiswahili (G42) hukutana na Kibemba (M42), pamoja na Kinyanja (N31) cha wasafiri watokao Lusaka.

Kundi la kwanza ni la maneno yenye shina moja ambayo maana zake zimeachana. Umuti wa Kibemba ni mti na pia ni dawa. Kiswahili kimebakiza uhusiano huo katika mitishamba tu. Kupita kwa Kinyanja ni kwenda. Asemaye “ndikupita ku Lusaka” ataja mwisho wa safari yake. Msikilizaji Mswahili huelewa kuwa Lusaka ni njia tu. Mahali ambapo shehena ya kushushwa Zambia hutofautishwa na ile ipitayo kwenda Kongo, tofauti hiyo si ya kiisimu pekee.

Kundi la pili ni la mfanano wa umbo. Kukonda kwa Kinyanja ni kupenda. Kupungua mwili huitwa kuonda, jambo linaloashiria kuwa haya ni mashina mawili mbalimbali.

Kundi la tatu limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, yaendako malori mengi yavukayo Tunduma, kutumika ni kufanya kazi na kukamata ni kuchukua. Hapa hatari ni kubwa zaidi, kwani kila upande huamini kuwa lugha ni moja.

Yaweza kudaiwa kuwa muktadha huondoa utata. Dai hilo halitoshelezi: muktadha husaidia pale tafsiri potofu inapoleta upuuzi, ilhali sentensi ya msafiri wa Lusaka ina maana kamili kwa pande zote mbili.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili mwaka 1996 na ya Kiswahili-Kiingereza mwaka 2001. Juhudi hizo zilistahili. Lakini tangu SADC ilipokikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019, wanafunzi wake watarajiwa ni Wabemba na Wanyanja pia. Hao wanahitaji orodha ya marafiki wa uongo, kila neno likiambatana na shina lake, maana zake na sentensi iwezayo kupotosha. Ni kazi inayowafaa watafiti wa uzamili, na data yake imo sokoni Tunduma.