Tairi za Theluji Katika Jua la Shinyanga



Juma hili tuseme juu ya tairi za motokaa. Huenda mmoja wenu atasema: “Mimi sina motokaa, habari hii yanihusu nini?” Yakuhusu sana, ndugu yangu. Wewe wapanda mchomoko kwenda mnadani, mama watoto apelekwa hospitali kwa motokaa ya kukodi, na kijana wako aliyepata fedha kidogo machimboni Geita ataka kununua motokaa ya mtumba.

Motokaa nyingi tunazonunua zilitumika kwanza Japani. Huko kaskazini, kama Hokkaido, theluji huanguka sana, na wenye motokaa hubadili magurudumu mara mbili kwa mwaka. Tairi za baridi hufanywa kwa mpira laini usiokuwa mgumu katika baridi, tena zina mikato midogo mingi ya kushika barafu. Basi motokaa iliyouzwa wakati wa baridi yaweza kufika Dar es Salaam ingali imevaa tairi hizo. Nyingine huuzwa mitumba peke yake.

Tairi hizo hufaa hasa pale joto lisipozidi digrii 7. Juu ya lami yetu yenye moto, mpira ule huisha upesi, motokaa huyumba, na ukikanyaga breki huchelewa kusimama. Utazitambua kwa neno STUDLESS ubavuni, au picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji.

Kuna jambo la pili. Motokaa nyingine zina kipimo kidogo ndani ya kila gurudumu, ambacho hupima upepo na kupeleka habari kwa dereva kwa njia ya redio. Umoja wa Ulaya uliamuru motokaa ndogo mpya zote ziwe na njia ya kumwonya dereva juu ya upepo toka mwaka 2014. Upepo ukipungua, huwaka taa ya manjano yenye mfano wa chungu kilichopasuliwa katikati, na alama ya mshangao ndani yake. Lakini mtu akifunga magurudumu ya baridi yasiyo na vipimo, au betri zake zikifa baada ya miaka mitano hadi kumi, taa haizimiki. Dereva huizoea, mwingine huibandika karatasi. Siku upepo unapopungua kweli, nani atamwonya? Tairi yenye upepo mdogo hujikunja ubavuni, hupata moto, na hupasuka. Na motokaa ikijazwa watu kupita kiasi, ndivyo upesi zaidi.

Basi, mwenye motokaa, fanya hivi. Pima upepo asubuhi kabla ya kwenda safari, tairi zikiwa baridi. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tazama pia tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi iliyopita miaka kumi iondoe, hata kama yaonekana mpya.

Nawe abiria, kabla hujapanda na watoto, zunguka uzitazame tairi zote nne. Ukiona moja imelala, mwambie dereva kwa adabu. Akikataa kuijaza, ngoja motokaa nyingine.

Kwaherini hadi juma lijalo.