Gunia la koltani lina namba, ombi la mhami halina

OMATE. Ndugu wasikilizaji na wasomaji wetu wa Masisi na Walikale, mnajua habari za vita kuliko sisi tunaozitangaza. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo lingine linaloumiza familia za wahami, na ambalo wakubwa wengi wanalipita kama jambo dogo: ombi la msaada linalopotea ndani ya mashine, na hakuna mtu anayeweza kusema limepotelea wapi.

Mnafahamu namna inavyokwenda. Familia inaandikishwa. Inaambiwa ingoje mesaji kwenye telefoni. Jirani anapata, wewe hupati. Unakwenda kwa presidenti wa kambi, anakutuma kwa ajenti wa shirika. Ajenti anasema jina liko kwenye listi, uliza kampuni ya telefoni. Kampuni ya telefoni inasema hakuna makuta yaliyoingia, rudi kwa shirika. Shirika linasema serveri yao inaonyesha kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Wote wanne wanaweza kuwa wanasema kweli. Na mama bado ana sufuria tupu.

Mimi nasema hivi: huduma yoyote inayohudumia wahami kwa njia ya telefoni na intaneti, kama haiwezi kufuata ombi moja kutoka mkono wa kwanza hadi wa mwisho, haijawa tayari kuletwa kwa watu waliokimbia. Na njia ya kufuata ipo. Haijaanza jana.

Tuangalie kwanza safari yenyewe. Ajenti anaandika jina lako kwenye tablete, pengine kwenye darasa la shule ambapo hakuna rezo. Tablete inakaa na habari zako mpaka ifike mahali penye rezo, pengine siku mbili. Halafu inazituma kwenye serveri. Pale, programu moja inaangalia kama jina halikuandikwa mara mbili. Programu ya pili inaangalia kama familia yako inatimiza masharti. Ya tatu inatengeneza listi ya malipo. Ya nne inaongea na kampuni ya telefoni. Kampuni nayo ina programu zake. Mwishoni kuna nyingine inayotuma mesaji. Hiyo ni mikono sita au saba, na kila mkono una daftari lake, saa yake na namba yake. Makuta yasipofika, fundi anafungua daftari moja moja na kutafuta kwa kubahatisha. Akichoka, anaandika: tatizo la rezo.

Dawa yake ni rahisi kueleza. Fikiria barua inayotoka Omate kwenda Goma kwa mikono ya waendesha piki watano. Ukiweka juu ya bahasha namba moja, na kila mmoja akaandika chini ya namba hiyo saa aliyoipokea na saa aliyoitoa, barua ikipotea utajua ni kati ya nani na nani. Programu nazo zinafanya vilevile. Ombi linapozaliwa linapewa namba ya safari. Kila programu inayolishika inarithi namba ileile, inaandika hatua yake, muda iliotumia na jibu ililopata, kisha inaipitisha mbele pamoja na ombi. Fundi akiandika namba hiyo kwenye kompyuta anaona safari nzima kwenye ukurasa mmoja: hapa ilipita, hapa ilingoja, hapa ilikufa.

Wanaosema hayo ni mambo ya Ulaya ya kesho, wasome kidogo. Wahandisi wa Google walichapisha maelezo ya mfumo wao wa namna hii, unaoitwa Dapper, mwaka 2010. Twitter ilitoa wake, Zipkin, mwaka 2012. Uber ilitengeneza Jaeger, na yeyote anaweza kuuchukua bila kulipa. Mwaka 2019 miradi miwili iliungana kuwa OpenTelemetry, nayo ni ya bure. Mwaka 2020 shirika la W3C, linalopanga kanuni za intaneti, lilipitisha kanuni ya namna ya kuandika namba hiyo ili mashine za kampuni mbalimbali zielewane: alama 32 za safari nzima, alama 16 za kila hatua. Kama kampuni inayoita magari mjini inaweza kufuata ombi la mteja mmoja, kwa nini ombi la familia iliyotoka Nyabiondo kwa miguu lisifuatwe?

Na sisi watu wa Masisi na Walikale hatuhitaji kufundishwa maana ya kufuata kitu kwa namba. Septemba 2010, rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu mbili na Maniema, na watu wetu walikaa bila kazi mpaka Machi 2011. Mwaka huo wa 2010 Marekani ilikuwa imepitisha sheria inayodai kampuni zake zieleze kama madini wanayotumia yanatoka katika nchi yetu au kwa majirani zetu. Baada ya hapo zikaja alama za ITSCI: gunia la koltani au la kasiterite linafungwa alama yenye namba kwenye mgodi, linafungwa nyingine kwa mfanyabiashara, na namba hizo zinaandikwa katika daftari mpaka ng'ambo. Kwa hiyo dunia iliona umuhimu wa kujua gunia la Rubaya limepita mikononi mwa nani. Makuta yalipatikana, maajenti walipatikana, mafunzo yalitolewa. Ombi la mama aliyekimbia kutoka Rubaya hiyohiyo halikupewa heshima ya gunia.

Alama zile zinatufundisha pia kwamba namba peke yake haitoshi. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilichapisha ripoti likisema kwamba madini ya migodi isiyoruhusiwa yalikuwa yanapewa alama hizo na kupita kama masafi. ITSCI ilikataa mashtaka hayo. Mimi si mwamuzi wao, lakini kila mchimbaji anaelewa hoja yenyewe: alama ikifungwa mbali na mgodi, na mtu ambaye hakuona gunia likijazwa, daftari litakuwa zuri na habari zake zitakuwa uongo. Kwa wahami ni vilevile. Kama namba ya safari inaanza kwenye serveri ya mjini na si kwenye tablete ya ajenti, zile siku mbili za kungoja rezo hazitaonekana popote. Jina lililofutika kabla ya kutumwa litakuwa kama halikuwahi kuandikwa. Namba izaliwe pale pale mama anapotaja jina lake, hata kama hakuna rezo, na isafiri pamoja na habari zake.

Kuna uongo mwingine mdogo unaotesa watu wengi: kuchanganya "imepokelewa" na "imelipwa". Serveri ya shirika inapotuma ombi la malipo, mara nyingi mashine ya upande wa pili inajibu haraka kwamba imelipokea. Hiyo maana yake ni kwamba limewekwa kwenye foleni, basi. Fundi asiye makini anahesabu jibu hilo kama malipo, na ripoti inakwenda kwa wafadhili ikiwa ya kijani kibichi. Au kinyume chake: jibu linachelewa, programu inachoka kungoja, inaandika kwamba imeshindikana, wakati makuta yalikwenda. Kesho inatuma tena, mtu analipwa mara mbili, na keshokutwa anaitwa mwizi mbele ya kambi nzima. Safari ikifuatwa kwa namba moja mpaka jibu la mwisho, makosa hayo mawili yanaonekana saa ileile.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: rezo ya huku ni mbaya, mnatuonea bure. Rezo ni mbaya, ndiyo. Hiyo ndiyo sababu ya kufuata. Ukijua kwamba maombi yanakwama kati ya tablete na serveri, utatafuta mahali pa kutumia rezo. Ukijua yanakwama kwa kampuni ya telefoni, utakwenda kuongea nao ukiwa na saa na namba mkononi. Neno "rezo" lisiwe blanketi la kufunika kila kitu.

La pili: ni gharama. Programu zenyewe ni za bure; gharama ni kazi ya wahandisi na nafasi ya kuhifadhi. Huduma kubwa za mjini hupunguza gharama kwa kuhifadhi safari chache tu, labda moja kati ya mia. Kwa duka la viatu ni sawa. Kwa msaada wa chakula haifai, kwa sababu safari tunayoitafuta ni ile moja iliyoharibika. Hifadhini kidogo za zile zilizofika salama, lakini zilizoshindwa zihifadhiwe zote mpaka mwenye ombi apate jibu.

La tatu: kampuni ya telefoni haitatufungulia mashine zake. Isifungue. Andika saa uliyotuma, saa waliyojibu, walijibu nini na namba yao ya malipo. Hapo mpaka wa wajibu utajulikana, na mchezo wa "nenda kule" utakwisha.

La nne ndilo zito, na wanaolisema wana haki: kufuata watu katika eneo la vita ni hatari. Katika miezi ya kwanza ya 2025 tuliona Masisi-centre, kisha Goma, kisha mji wa Walikale vikichukuliwa na M23. Mji wa Walikale waliuacha baada ya wiki mbili. Kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa Februari. Katika hali kama hiyo, daftari lenye majina ya watu, mahali wanapolala na siku wanayopata makuta ni silaha kwa mtu yeyote mwenye bunduki. Na hata penye amani daftari linaibwa: Januari 2022 Msalaba Mwekundu wa kimataifa ulitangaza kwamba wavamizi wa kompyuta walifikia habari za watu zaidi ya 515 000, wengi wao waliotenganishwa na jamaa zao na vita au misiba.

Kwa hiyo tuelewane. Tunataka kufuatwa kwa ombi, hatutaki kufuatwa kwa mtu. Ndani ya daftari la safari kusiwe na jina, wala namba ya telefoni, wala kijiji. Namba tu, saa, hatua na jibu. Uhusiano kati ya namba na jina ukae mahali pengine penye ufunguo, kwa watu wachache wanaojulikana, na daftari la safari lifutwe baada ya muda uliotangazwa. Wahandisi wazembe humwaga kila kitu humo ndani kwa sababu ni rahisi. Shirika likiwaachia, ni shirika la kulaumiwa.

Wala sidanganyi mtu kwamba namba italeta unga. Kama mtu wa kabine hana makuta ya kutoa, kama ilivyokuwa baada ya benki za Goma kufungwa, hakuna programu itakayomjazia sanduku. Kama shirika halina fedha, halina. Lakini kuna tofauti kati ya kuambiwa hapana na kuzungushwa mwezi mzima. Anayeambiwa hapana leo anajua kesho aende shamba la nani kuomba kibarua.

Kwa hiyo tunadai mambo manne kwa mashirika, kwa wafadhili wao na kwa serikali inayowaruhusu kufanya kazi:

1. Kila ombi lipewe namba ya safari kwenye tablete, mbele ya mwenye ombi, na namba hiyo ipite katika programu zote mpaka jibu la mwisho.

2. Mama apewe namba fupi kwenye jeton yake, ya tarakimu sita au saba. Zile alama 32 zibaki za mafundi. Malipo yakirudiwa juma lijalo, namba fupi ibaki ileile.

3. Anayepokea simu ya malalamiko kwenye namba ya kijani awe na ukurasa wa safari mbele yake, na aseme kwa Kiswahili ombi liko mkono gani. "Tutakupigia" si jibu.

4. Kila mwezi shirika litangaze hadharani, hata hapa kwenye radio: maombi mangapi yaliingia, mangapi yalifika, mangapi yalikwama, na yalikwama hatua gani.

Wafadhili, ninyi mnadai risiti ya kila lita ya mazuti na ya kila chupa ya maji ya semina. Daini na hii.

Na ninyi wahami wa vita, wazee wetu, mama zetu, vijana: siku mtakapoandikishwa tena, msiondoke mbele ya tablete kabla ya kuuliza swali moja. Namba ya ombi langu ni ngapi? Ajenti akishangaa, ulizeni tena kwa upole. Akiwa hana, mwambieni aandike kwamba mliuliza.