Gari la Umma Lipimwe kwa Insafu

Miongoni mwa wapenzi wa magari ya kale ya Ujerumani, ubishi mmoja haujapata kwisha: lipi bora, Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, ambayo Wajerumani waliiita Käfer, yaani mbawakawa, au Golf iliyolirithi mwaka 1974? Wengi hulitukuza la kwanza. Sisi tunaona kuwa hukumu hiyo hutolewa kwa mapenzi, si kwa insafu.

Ni kweli kwamba Käfer lilimfaa mtu wa kawaida. Injini yake ya silinda nne ilikaa nyuma na kupozwa kwa hewa. Halikuwa na rejeta ya kuganda wakati wa baridi wala kuchemka wakati wa joto. Fundi mwenye spana chache aliliweza. Mwezi Februari 1972 lilivunja rekodi ya Ford Model T, na kiwanda cha Puebla, Mexico, kilipolisimamisha mwaka 2003, yalikwisha tengenezwa magari 21,529,464.

Lakini yafaa tukumbuke lilikotoka. Utawala wa Kinazi uliwaahidi wafanyakazi gari hilo kwa marki 990. Kila wiki mfanyakazi alinunua stempu ya marki 5 na kuibandika katika kadi yake. Watu zaidi ya 300,000 waliweka amana hiyo. Vita vilipozuka mwaka 1939, kiwanda kiligeuzwa kulitumikia jeshi, na ndani yake wakatumikishwa mateka na watu walioshurutishwa. Hakuna hata mmoja wa wenye kadi aliyekabidhiwa gari. Kesi yao ilikwisha mwaka 1961 kwa kupewa punguzo la bei ya gari jipya, au fedha kidogo taslimu. Kuliita gari kuwa la umma, kisha kula akiba ya umma huo, ni dhuluma iliyovikwa nguo ya ihsani.

Chuma hakina kosa. Baada ya vita, chini ya usimamizi wa Meja Ivan Hirst wa jeshi la Uingereza, wafanyakazi wa Wolfsburg walikifufua kiwanda kutoka katika magofu, na jina la gari likaanza kupata maana. Hata hivyo, mafanikio yaliwalewesha wakubwa wa kampuni. Walilishikilia umbo lile lile huku wenzao wakisonga mbele, na mwaka 1974 hasara ilizidi marki milioni 800.

Golf ndilo lililoiokoa kampuni. Giorgetto Giugiaro, Mwitaliano, alilichora kwa mistari iliyonyooka. Injini ikahamia mbele na kupozwa kwa maji, magurudumu ya mbele yakalivuta, na mlango mpana wa nyuma ukaipa familia nafasi ya mizigo. Kabla ya mwaka 1976 kwisha, magari milioni moja yalikuwa yametengenezwa.

Kwa hiyo basi, Käfer tuliheshimu kama mzee aliyelea nyumba. Ushindi tulipe Golf, ambalo halikutanguliwa na ahadi za jukwaani bali lilimfikia mnunuzi. Na wote waliokabidhiwa mali ya wananchi wazingatie mambo mawili: amana ya mnyonge hairudishwi kwa hotuba, na chombo kilichotuvusha jana kisigeuzwe sanamu ya kuabudiwa leo.