*TAMKO LA TAWI: FAINI ZA BARABARANI ZILIPWE KWA AWAMU*

Ndugu wanachama wa Tawi la Saadani,
 

Vijana wetu wa bodaboda na wenye magari ya samaki wameleta hoja tawini: waruhusiwe kulipa faini za barabarani kidogo kidogo. Kamati imeijadili na inaiunga mkono. Sababu ni hizi.

Faini ya bodaboda na bajaji ilikuwa sh. 30,000 kwa kosa moja. Bajeti ya 2021/22 iliishusha hadi sh. 10,000. Hatua hiyo ilikuwa njema na tunaishukuru. Lakini kijana wa Saadani hapati kipato chake kama mtu wa mshahara. Abiria wake ni mvuvi, na mvuvi anafuata bamvua na maji mafu. Kusi likichachamaa, ngalawa zinalala pwani, kamba hawaingii, na boda naye analala. Masika ikishika, hata mashamba ya chumvi yanasimama. Siku hiyo kijana akipata sh. 10,000, kuna mafuta, kuna hesabu ya tajiri, kuna unga wa nyumbani. Faini inabaki kwenye simu.

Deni hilo halilali. Muda ukipita linaongezeka, na kosa la pili likija linakaa juu ya la kwanza. Siku namba ya pikipiki ikikaguliwa, anadaiwa yote kwa pamoja. Hapo anabaki na njia tatu: aache chombo, apite njia za porini kukwepa, au amalizane pembeni. Zote tatu ni hasara. Ya kwanza inamnyima kazi, ya pili inahatarisha abiria, ya tatu inaikosesha Serikali fedha yake na kuharibu watu.

Wenye Noah na pikapu wanaopeleka mzigo Bagamoyo na Dar es Salaam wana la ziada. Faini ya gari ni kubwa zaidi, na huko mjini kuna ushuru wa maegesho wa TARURA. Mtu anashusha kamba, anarudi nyumbani, kumbe nyuma ameacha deni. Akija kuambiwa, limeshakuwa furushi.

Je, kulipa kwa awamu ni jambo geni? Hapana, ndugu zangu. Tazameni risiti zenu za LUKU. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo kila mwezi. Ilianza kwa sh. 1,000, sasa ni sh. 1,500. Hiyo ni sh. 18,000 kwa mwaka, na wengi wetu tunailipa bila hata kuisikia. Mfanyabiashara mdogo analipa kodi ya TRA kwa awamu 4 kwa mwaka. Mzazi mwenye mtoto chuoni anajua kwamba ada hupokelewa nusu, na iliyobaki inaendelea kudaiwa. Mfumo wa malipo wa Serikali unaweza kupokea malipo ya sehemu. Kinachotakiwa ni uamuzi.

Wapo watakaosema tunawadekeza wavunja sheria. Hatuombi faini ifutwe wala ipunguzwe. Kosa ni kosa na kofia ngumu ni lazima. Ila kwa aliyesoma uhasibu kama mimi, deni lililoandikwa kitabuni si fedha iliyo mkononi. Bora sh. 2,500 zinazoingia kila wiki kuliko sh. 10,000 zinazodaiwa mwaka mzima. Wahenga wetu walishasema dawa ya deni ni kulipa. Sisi tunaomba mlango wa kulipia.

*Tawi linapendekeza:*
1. Faini ya sh. 10,000 ilipwe kwa awamu 4 za kila wiki, na ya sh. 30,000 kwa awamu 3 za kila mwezi, kwa kontroo namba ileile.
2. Anayelipa kwa wakati asiongezewe adhabu na chombo chake kisizuiwe kwa deni hilo. Akiruka awamu, haki hiyo imekwisha.
3. Makosa makubwa kama ulevi na mwendo wa hatari yasihusishwe.
4. Utaratibu kama huo utumike kwa madeni ya maegesho.

Halmashauri haina mamlaka juu ya faini za polisi, hivyo hoja hii tutaipeleka ngazi ya kata, kisha kwa Mbunge wa jimbo letu aisemee bungeni. La maegesho tutampa Diwani alifikishe kunakohusika.

Wakati tunasubiri, na sisi tutimize wajibu wetu. Usitoe fedha mkononi: lipa kwa kontroo namba na utunze ujumbe wa malipo. Kagua deni la chombo chako kila mwezi, na kabla ya kununua pikipiki ya mkononi. Kama hukubali kosa, una haki ya kwenda mahakamani.

Mwenye deni na aniandikie pembeni, si kwenye kundi: idadi ya faini na jumla yake tu, bila jina. Tukienda kata na hesabu kamili tutasikilizwa kuliko tukienda na malalamiko.

Kazi njema.

*Katibu wa Tawi, Saadani*