Umeme Usiotulia Unatuulia Simu: Wenye Kuchajisha, Mutusikilize

Nyamitaba, Masisi. Ndugu wasomaji, na ninyi wasikilizaji wetu mulio katika kambi za wahami wa vita na katika familia zilizowapokea, leo sileti habari ya risasi. Nasema juu ya umeme, na nasema kwa uchungu.

Simu yangu ilikufa katika duka moja la kuchajisha. Asubuhi niliiacha ikiwa nzima, nikalipa. Jioni nikaikuta imevimba mgongo, haiwaki. Mwenye duka akanijibu: "Simu yako ilikuwa ya zamani." Mama mmoja mhami aliyesimama nyuma yangu akaambiwa maneno yale yale juu ya redio yake. Je, vitu vyote vya siku ile vilizeeka saa moja? Hapana. Mgonjwa si simu, mgonjwa ni umeme.

Tuelezane. Jenereta inatakiwa itoe volti 220. Lakini mtu anafunga kinu cha mahindi na simu za watu kwenye jenereta moja. Kinu kikianza, umeme unashuka; kikisimama, umeme unaruka juu. Chaja nyingi zimeandikwa mwisho volti 240, na zile za bei rahisi hazivumilii hata hapo. Wengine wanatumia pano za jua na kufunga waya moja kwa moja kwenye betri, bila regulateri. Pano inayoitwa ya volti 12 inaweza kupita volti 20 jua likiwaka sana, kumbe betri yake inapochajiwa haitaki kupita 14 na kidogo. Hapo betri inachemka, na kila kilichofungwa juu yake kinakuwa hatarini.

Kule Ulaya, Marekani, hata Nairobi, kuna vijana wanaopenda kukimbiza kompyuta zao kupita mwendo uliowekwa na kiwanda. Prosesa, ndiyo ubongo wa kompyuta, hutumia volti 1 na kidogo tu. Ukiongeza mwendo na volti ikabaki chini, kompyuta inazima katikati ya kazi. Ukizidisha volti, joto linapanda na prosesa inaungua polepole. Basi wanapandisha sehemu ya mia ya volti, wanaipa mashine kazi ngumu saa nyingi, wanatazama joto, ndipo wanapanda tena au wanarudi nyuma. Wanafanya hivyo kwa mchezo, na juu ya mali yao wenyewe! Wewe unayeshika simu za familia nzima nzima, huwezi kupima hata mara moja kwa siku?

Kinachouma zaidi ni hiki. Koltani ya Rubaya, hapa hapa katika Masisi yetu, hutolewa tantali. Tantali hutengenezwa kapasita, vidude vidogo vinavyoweka akiba ya umeme kwa kitambo na kuutoa unapopungua, ili volti isitikisike. Mwaka 2024, Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba Rubaya inatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia. Maana yake, simu na kompyuta za watu wa mbali zinatulia kwa jiwe la Masisi, na Masisi yenyewe haina umeme wa kutulia. Jiwe linapita barabarani mbele ya macho yetu, sisi tunabaki na mashimo na vita.

Najua kuna watakaosema: mulaumu serikali, mulaumu makampuni, musimlaumu mfanyabiashara mdogo. Ni kweli, deni la wakubwa ni kubwa, na hatutaacha kulidai. Lakini waya uliofungwa ovyo hapa kijijini haukufungwa na waziri. Na yule anayesema regulateri ni ghali ajue kwamba inalinda kwanza betri yake mwenyewe, ambayo ni ghali zaidi.

Kwa mhami, simu si pambo. Ndani yake muna namba ya mtoto aliyepotea njiani, habari kama kijiji kimetulia, na mara nyingine pesa ya msaada. Kuiunguza ni kumkimbiza mara ya pili.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kila duka la kuchajisha liwe na kipimo cha volti, na mteja aruhusiwe kukitazama. Pano isifungwe bila regulateri. Kinu na simu zisikae kwenye jenereta moja. Na simu ikiharibika kwa kosa la umeme, mwenye duka alipe. Wakuu wa vijiji na kamati za kambi wasimamie hayo. Hayahitaji msaada kutoka nje.

Nanyi familia: mukiona taa ya duka inawaka kupita kawaida, kisha inafifia, muchomoe simu. Betri iliyovimba musiitoboe, wala musilale nayo ndani ya hema, maana inaweza kuwaka moto.

Jiwe letu linatuliza umeme wa dunia nzima. Sisi tunaomba tu simu irudi jioni ikiwa hai.

Mwandishi wenu, Nyamitaba.