Maswali ya Benki na Mizani Yake



Mwisho wa mwezi uliopita nilikuwa katika mstari wa benki moja mjini Kasese, nikingojea mshahara kama wenzangu. Kijana mmoja wa chuo akatugawia karatasi za maswali kuhusu huduma ya benki hiyo. Nyuma yangu alisimama askari mmoja wa makamo. Yeye aliweka alama ya "nakubali kabisa" kuanzia swali la kwanza hata la mwisho, bila kusoma.

Nikamwuliza, "Afande, umeyasoma kweli?"

Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, karani ananitazama. Kesho nitaomba mkopo hapa hapa."

Yafaa ieleweke kwamba karatasi hizo si mchezo. Majibu yetu ndiyo yatakayowaambia wakubwa wa benki kama mashine ya kutolea fedha inatosha, na kama makato katika mshahara yanaeleweka. Lakini majibu ya namna ile yana thamani gani?

Mtindo wa kuweka alama tano, toka "nakataa kabisa" hata "nakubali kabisa", ulianzishwa na Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932. Mwaka 1951 mwenzake, Lee Cronbach, alieleza hesabu iitwayo alfa, ambayo hupima kama maswali ya jambo moja yanajibiwa kwa kupatana. Aghalabu ikifika 0.70 watafiti huridhika. Hapo ndipo penye mtego. Mmoja akikubali kila mahali na mwingine akiandika "sijui" kila mahali, hesabu hutoka nzuri mno, ingawa hakuna aliyesoma! Wakulima wetu wa pamba wanaijua mizani ya namna hiyo: kila ukipima inapunguza kilo mbili zile zile. Haibadiliki, lakini inakuibia.

Ndiyo sababu mtafiti mwangalifu huchanganya maswali yaliyogeuzwa, kama "Karani hunichelewesha bila sababu", kisha huyageuzia alama kabla ya kupiga hesabu. Afande wetu alikubali hilo pia, baada ya kukubali kwamba anahudumiwa upesi.

Tena kuna lugha. Swali moja lilisema: "Naridhika na riba ya benki." Riba ipi? Mwenye akiba huipokea. Mwenye mkopo huilipa. Watu wawili wenye maoni mamoja watajibu kinyume. Hali kadhalika, karatasi iliyotungwa kwa wenye mshahara wa Kasese haiwafai wafanyabiashara wa Bwera, ambao siku ya soko la Mpondwe hushika shilingi na faranga za Kongo mkono mmoja. Huko yafaa kwanza maswali yajaribiwe kwa watu wachache, kwa Kiswahili na kwa Lhukonzo, wakaulizwa wameelewa nini.

Na msishangae wazee wakinyamaza wanapoulizwa kiasi cha akiba yao. Wanakumbuka mwaka 1987, sifuri mbili zilipoondolewa katika shilingi na asilimia 30 ikakatwa. Wanakumbuka pia mwaka 1999, Benki ya Ushirika ilipofungwa.

Jambo moja linaniudhi zaidi. Askari akiwa kazini mbali, bibi yake ndiye aendaye kwa wakala kutoa fedha za chakula na karo. Ndiye ajuaye makato na usumbufu. Hata hivyo karatasi humtafuta mwenye akaunti tu.

Nilimweleza yule kijana mambo haya, naye hakukasirika. Wiki iliyofuata alikuja na sanduku lililofungwa, akaketi nje chini ya mti, mbali na macho ya makarani, na karatasi hazikuwa na nafasi ya jina. Afande alipewa mpya. Safari hii aliishika kwa muda mrefu, akaniuliza maana ya swali la nne, na penye mstari wa benki akaweka alama ya "nakataa kabisa".